Upande wa Kuume

Jumatatu, 1 mwezi wa saba

Jipu, motokari yetu kuukuu, imekataa kuwaka tena. Wanaume wa sokoni wameisukuma mpaka mbele ya kanisa ndipo ikakohoa. Mimi ndani, juu ya marobota ya vitenge, na aibu yangu. Salamabila tumefika jua limeshazama. Wateja wangu walikuwa wamekwisha kununua kwa wengine. Wachimbaji wa dhahabu hawangoji mtu.

Mume wangu, Baba Zaina, anasema basi. Tutafute motokari mpya, au angalau changa kuliko hii. Tuliinunua Zaina angali mtoto wa mgongoni. Leo Zaina ni mwalimu Kabambare, ana mume. Mlango wa nyuma tunaufunga kwa kamba. Ubavu wa kuume umebonyea, mwezi uliopita Baba Zaina aliugonga kwenye nguzo ya lango letu wenyewe. Freni, alisema. Freni zimechoka.

Nimefurahi. Nimechoka kusukumwa.

Alhamisi, 4

Tumerudi Kasongo. Shabani, anayeleta motokari kutoka Uvira, ametupa ya kwanza tuijaribu. Ya kijivu. Gia zinajibadilisha zenyewe. Baba Zaina alivaa kanzu safi kama mtu anayekwenda kuposa. Tukashika njia ya Lualaba. Ndani inanukia upya, upepo wa baridi unatoka kwenye vitundu mbele yangu. Nikacheka peke yangu kama mjinga.

Kurudi, gurudumu la kuume likatumbukia mtaroni karibu na msikiti. Watu waliokuwa wanatoka swala ya alasiri wakatuinua. Baba Zaina akasema pua ya motokari ni pana mno, haimfai. Shabani aliinama akachungulia chini yake.

Jumamosi, 6

Ya pili. Nyeusi, vioo vyeusi, volani, usukani wake, iko upande wa kuume. Nzuri ya kutisha. Baba Zaina aliipenda mpaka tulipofika njia ya soko. Pikipiki ilikuwa inakuja sambamba nasi kwa kuume, abiria amepakata kuku wawili. Naiona vizuri. Baba Zaina akakata kona kuifuata barabara ya shule, na pikipiki iko palepale.

Hakuna aliyeumia. Kuku mmoja alikimbia, hakuonekana tena. Mwendesha pikipiki aliujia mlango wetu kwa hasira:

"Mzee, nilikuwa hapa hapa kando yako! Haukuniona?"

Baba Zaina akasema kosa ni la vioo, vina giza. Akasema volani iko upande mubaya. Nami nikamwambia yule mtu hivyo hivyo, vioo vina giza. Nikamlipia abiria kuku aliyepotea.

Lakini mimi niliiona ile pikipiki, kupitia vioo vilevile.

Jumapili, 7

Sikulala vizuri. Asubuhi nimezunguka jipu yetu ya zamani nikiiangalia kama mtu anayenunua. Upande wa kushoto haina hata mkwaruzo. Mikwaruzo yote iko kuume.

Mchana nimemwekea chai mkono wa kuume. Ameniuliza chai iko wapi.

Naogopa.

Jumanne, 9

Sijasema. Nafungua kinywa, nafunga. Miaka hii yote amenivusha kwenye matope, kwenye madaraja ya magogo, kwenye bariyeri za watu wenye bunduki na njaa. Wanawake wengine wa soko wanapanda pikipiki na mizigo yao, wanaanguka, wanaibiwa. Mimi nina Baba Zaina. Nitamwambiaje?

Shabani amepata ya tatu. Nyeupe, nguvu nyingi, imezoea njia mbaya. Baba Zaina anasema safari hii hataki kuzunguka mjini kama harusi. Anataka njia ya kweli. Kesho kutwa Kabambare, tumwone Zaina.

Ningeweza kusema naumwa. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 11

Naandika nyumbani kwa Zaina.

Tuliondoka na umande. Baba Zaina kwenye volani, mimi kuume kwake, Shabani nyuma, akasinzia mapema. Niliamua nitakuwa jicho lake. Baiskeli. Mbuzi. Mtoto, Baba Zaina, mtoto. Mwanzoni alicheka. Kisha akakasirika, akasema ninamsumbua, kwani yeye ameanza kuendesha leo? Nikanyamaza. Niliumia, nikanyamaza. Nikageukia dirisha langu, nikaangalia majani makavu yanavyokimbia.

Tulikuwa tumepita Lusangi. Mwanamke akatoka kwenye kinjia, beseni la mihogo kichwani. Nilimwona akisimama ukingoni kutungoja tupite. Barabara mbele ilikuwa na shimo. Baba Zaina akalikwepa kwa kuume.

Mlio mdogo tu. Kioo cha pembeni kiligonga, kikakunjika. Mihogo ikaruka mbele ya macho yangu.

Baba Zaina akaenda kidogo, akasimama polepole. Akanigeukia, uso hauna hata hofu.

"Ni kitu gani ile?"

Sitasahau hilo swali. Hakujua amegonga nini.

Nilikimbia. Mama yule amekaa vumbini, mkono umekunjika pasipo na kiungo. Anaitwa Mama Feza. Hakulia, alikuwa anatafuta kilemba chake. Watu wakatoka mashambani na majembe yao. Mmoja aliokota jiwe. Shabani aliwasemesha kwa Kibangubangu, taratibu, mikono wazi, mpaka jiwe likashuka. Tukampakia Mama Feza na shemeji yake. Shabani akashika volani. Baba Zaina akapanda nyuma bila kuambiwa. Mpaka hospitali ya Kabambare shemeji mtu alikuwa akisema, "Pole, mulamu, pole," kila tulipopiga shimo.

Mfupa umevunjika mahali pamoja. Utaunga, wanasema. Ingekuwa hatua moja zaidi barabarani, nisingekuwa naandika hivi.

Ijumaa, 12

Ametoka swala ya Ijumaa, nikamwambia. Zaina alikuwa jikoni. Nilisimama mbele yake kabisa.

"Baba Zaina, upande wa kuume hauone."

Nilingoja aniite muongo. Alikaa juu ya kiti, akavua kofia, akaigeuza geuza.

"Tangu mvua zilipoanza," akasema. "Nilifikiri ni ukungu. Kisha nikajua si ukungu."

Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Kama ningesema, nani angekupeleka Salamabila?"

Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yake. Safari zote hizo. Tangu mvua! Mtelemko wa mto, malori ya mchanga, mimi nimelala begani mwake na kinywa wazi. Nilimwambia angeniua. Nilimwambia kwa sauti ya kusikika barabarani. Zaina akaja mlangoni na mwiko mkononi, akarudi jikoni.

Hakujitetea. Ndipo nikaona na mimi nina langu. Nilijua tangu Jumapili, nikapanda, na nilipokemewa nikanyamaza.

Jumamosi, 13

Tumekwenda kumwona Mama Feza. Sikumwambia Baba Zaina aseme nini. Yule mama alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye plasta, anataka kurudi kwake. Karanga zake zimekauka shambani, nani atang'oa?

Akamwambia mume wangu, bila ukali, "Nilijua umeniona, mzee. Ulikuwa unaangalia mbele muzuri kabisa. Ndiyo maana sikukimbia."

Baba Zaina alisogea karibu na kitanda.

"Mama, sikukuona. Jicho yangu ya kuume haione. Na nilijua."

Chumba chote kikasikia. Wagonjwa, wauguzi, shemeji mtu. Mama Feza akamtazama jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Akasema, "Basi acha volani."

"Nimeacha."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya ukuta wa hospitali. Sijui kama ilikuwa huzuni au kupumua.

Jumanne, 16

Shabani ametuendesha kurudi. Lusangi tumesimama. Tumepata wanawake wawili wa kung'oa karanga za Mama Feza, na tutawalipa mpaka mkono wake upone. Shemeji mtu alituonyesha shamba. Baba Zaina alitaka kung'oa mwenyewe. Aling'oa mistari miwili, kanzu yake mwilini, na mimi nikang'oa naye.

Ijumaa, 19

Mganga wa macho, Kasongo. Presha ndani ya jicho. La kuume karibu limekwisha, na kilichopotea hakirudi. La kushoto limeanza. Ametoa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Baba Zaina aliuliza swali moja tu, kama bado atasoma msahafu wake. Kwa sasa, ndiyo.

Bado nina hasira. Inakuja na kuondoka. Leo ilikuja nikiwa namtia matone, kidole changu juu ya kope lake, naye amenyamaza kama mtoto anayenyolewa.

Jumamosi, 27

Shabani ametuletea ile nyeupe, kioo cha pembeni kipya. Tumeijaribu tena. Dereva ni Kalume, binamu yangu, mtu mzima wa maneno machache aliyeendesha malori ya Kindu. Mimi na Baba Zaina tumekaa nyuma.

Hajawahi kukaa nyuma kwa hiari yake. Hakujua mkanda unatoka wapi, nikamfunga. Kalume akatupeleka njia ya Lualaba, akapanda kilima, akashuka, akapita kwenye mashimo bila haraka. Vumbi la kiangazi juu ya miti ya mawese. Wanafunzi wanatoka shule, wote upande wa kuume. Kalume akapunguza mwendo, wakapita.

Baba Zaina alikuwa anasikiliza mashine. Kila gia ilipobadilika, mguu wake wa kushoto ulisogea kidogo, kama anayekanyaga klachi.

"Hii tuchukue," akasema. Halafu, "Kama unaipenda."

Nikasema naipenda.

Mikono yake haikujua ikae wapi. Ilipanda kwenye kiti cha mbele, ikashuka magotini. Mwishowe alichukua mkoba wangu, akaupakata, akaushika kwa mikono miwili mpaka tukafika nyumbani. Sikumwomba anirudishie.