Utomvu kwenye Mawe ya Mzee Gaspari

Murongo, 8 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Mama na ng'ombe wake hawajambo? Mimi mzima, ila jua la huku halina huruma. Nimeshapanga mawe yote ya uwanja wa Mzee Gaspari, lakini saruji ninayojaza katikati yake inapasuka kabla ya jioni. Harusi ya binti yake ni Jumamosi ya tarehe 20. Ni kazi yangu ya kwanza bila wewe, na mzee kila akipita ananiuliza, "Fundi, au nimwite mwanamume?" Nikishindwa, huku hataniita mtu tena.

Mwanao,
Deodatha

Ihembe, 10 Julai

Marahaba, mwanangu.

Sisi wazima. Mama yako alitaka nikupigie, lakini maelezo ya simu huingia sikio hili yakatokea lile. Tulia usome.

Jiwe lenye joto lina kiu. Hunyonya maji ya saruji kabla haijashika. Nawe elewa kwamba saruji haigeuki jiwe kwa kukauka, bali kwa kunywa maji polepole. Basi kwangua yote iliyopasuka. Anza alfajiri. Lowesha mawe, ila maji yasituame. Changanya kidogo, cha kumaliza ndani ya nusu saa, ukikandamize kwa mwiko. Kisha funika, umwagie maji asubuhi na jioni kwa siku tano.

Baba yako,
Anatory

Murongo, 17 Julai

Shikamoo, Baba. Habari za hapo nyumbani?

Saruji imeshika! Lakini nimeharibu kwingine. Magunia yote hapa yamejaa kahawa, nikafunika kwa majani mabichi ya mgomba. Leo nimeyafunua: utomvu umeacha madoa meusi uwanja mzima. Mama Sperancia, mke wa mzee, alicheka mpaka akakaa chini. "Binti wa Kinyambo, uliyekulia migombani, umesahau utomvu?" Mzee hakucheka. Nisugue kwa asidi?

Mwanao,
Deodatha

Ihembe, 18 Julai

Marahaba, mwanangu.

Sote wazima, na kosa hilo tugawane: nilisema funika, sikusema kwa kitu gani. Asidi usiiguse! Itakula viungo vya saruji ulivyovihangaikia. Madoa yamekaa juu tu. Mvua na nyayo zitayafifisha. Mweleze mzee hivyo hivyo, bila kujificha. Nampa dereva wa basi la asubuhi barua hii.

Baba yako,
Anatory

Murongo, 22 Julai

Baba, shikamoo. Mama naye namsalimu sana.

Nilimweleza mzee. Akaanza, "Wageni watasema…" Mama Sperancia akamkata: "Wageni gani hao wanaokuja harusini kutazama chini?" Basi wakacheza, Baba! Vumbi hakuna, matope hakuna, bibi harusi kavua viatu.

Jana mzee alizunguka na fimbo yake akigonga jiwe moja moja, akitafuta linalotikisika. Alipofika la mwisho alikuwa hajalipata. Kisha akauliza fundi aliyenifunza yuko wapi, maana majirani zake wawili wanamtaka.

Nimemwambia amestaafu, waniite mimi. Kesho naanza kwa wa kwanza.

Mwanao,
Fundi Deodatha