Kaka, Umeimba na Moraa

Kaka Ombasa,

Ni mimi mdogo wako Nyakundi ninayekuandikia, lakini ukifika kwenye hilo jina usilipite haraka kama zamani, maana siku hizi si jina la mtu wa kawaida. Sasa mimi ni dairekta wa video. Kuanzia Kebirigo mpaka Keroka hakuna mtu anayeinua kamera bila kujiuliza kwanza, "Nyakundi angesimama wapi?" Juzi mpiga picha wa harusi aliniona sokoni akaificha kamera yake ndani ya koti kwa aibu. Sikumwambia kitu. Mtu mkubwa haongei ovyo.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia, "Nyakundi, punguza kidogo." Sasa hakuna wa kuniambia, kwa hivyo sijapunguza.

Nyumbani tuko salama. Mama Moraa anachuma chai mwenyewe, na pale kwenye kituo cha kupimia chai wameshamzoea, hata foleni wanamwachia. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama, na bado anapiga kelele alfajiri kama anaitwa kutoa ushahidi. Paa la jikoni nililirekebisha mimi. Linavuja, lakini linavuja mahali pazuri.

Aliyebadilika ni Moraa wako. Tangu tukulaze kando ya migomba aliacha kuimba. Yule binti aliyeimba akiosha sufuria, aliyeimba akitafuta ng'ombe, aliyeimba hata akigombezwa! Kwaya ya kanisa ilimngoja, akasema koo linamuuma. Koo gani hilo, kaka, linalouma mvua zinyeshe mpaka zikome? Mama yake alimchemshia kila jani linaloota Nyamira. Mimi nilimpigia hadithi zangu zote, hata ile ya chui niliyemfukuza kwa kandambili. Alicheka kwa adabu, akanyamaza tena.

Ndipo mwalimu wao mmoja, kijana, Mwalimu Kemunto, akaanzisha kikundi cha wanafunzi cha kutengeneza video ya muziki. Walitakiwa wapange wenyewe, wapige picha wenyewe kwa simu, waunganishe wenyewe kwa laptopu ya shule, kisha wazazi waonyeshwe siku ya kufunga shule. Wakamtaka Moraa aimbe. Akakataa. Wakambembeleza. Mwishowe, ili wamwache, akakutaja wewe baba yake, "Nitaimba na Tata, ama siimbi kabisa."

Alidhani hapo watakwama. Lakini Mwalimu Kemunto alimtazama, akamuuliza polepole, "Kuna video yoyote Tata yako akipiga obokano, kile kinubi chake?"

Ipo. Na unajua alikuwa nayo nani.

Unaikumbuka ile asubuhi umekaa mlangoni pako, unapiga ule wimbo uliomtungia Moraa akiwa mdogo, wa akina mama wanaorudi kutoka shambani wamelowa chapachapa na bado wanataniana? Uliniambia, "Wewe na hiyo simu yako mtanimaliza." Niliurekodi wimbo mzima, mkono imara kama nguzo ya stima. Shida ni kwamba ile simu ilikufa baadaye, kioo kikawa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Mafundi wa Kebirigo wakaniambia nitupe. Mimi nitupe? Nikaipeleka mpaka Masimba, kwa fundi niliyesikia anaweza kufufua hata pasi ya makaa. Njiani nilivuka mito iliyofurika, nikakabiliana na mbwa wakubwa kama ndama. Sawa, mbwa alikuwa mmoja, na alikuwa amefungwa. Lakini alinibwekea kwa chuki.

Fundi akachomoa kadi ndogo kama ukucha wa mtoto, akaitia kwenye simu nyingine, akabonyeza. Na wewe hapo, kaka, na kofia yako, na magoti yako yameenda huku na huku. Nikamwambia azime haraka. Niliogopa nisije nikaimaliza kabla hawajaiona wenye mali.

Moraa mwenyewe hakutaka kuitazama. Alikubali kusikiliza sauti tu, kwa vile vitu vya masikioni, amegeukia ukuta. Mama yake hata hilo alilikataa. "Nikimwona," alisema, "nimwone akiwa na mwanawe." Basi mzigo wote ukawa juu ya hao wanafunzi, na juu yangu.

Nikaingizwa kwenye grupu ya simu. Kaka, sikujua video inapangwa kama harusi. Wanachora vijisanduku kwa simu, kila sanduku na picha yake: hapa Moraa anatembea, hapa kamera iko chini, hapa uso tu. Wanatumiana, mmoja anafuta, mwingine anaongeza, na wote wanaona papo hapo, kila mtu akiwa kwao. Na mimi nikatuma vijisanduku vyangu. Vyangu vilikuwa na helikopta. Kuna msichana mmoja, Bosibori, ndiye fundi wao wa laptopu, hacheki ovyo. Akanijibu, "Anko, helikopta hatuna." Nikawatumia ujumbe wa sauti kuwaeleza jinsi ya kuipata. Mwalimu Kemunto alisema aliweka maji ya ugali motoni nikianza kusema, na akala ugali nikiwa bado naendelea.

Sasa nikueleze ule uchawi wenyewe. Bosibori aliniambia hivi: "Tukimpiga Moraa picha mbele ya kitu cha kijani, laptopu inafuta kijani chote. Pale kilipokuwa, tunaweka ile video ya Tata yake. Mtu akiangalia, ataona wamekaa pamoja." Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikakaa chini. Kumbe watoto wa siku hizi wanaweza kukuletea kiti ukae karibu na mtu aliyekwenda.

Walichokosa ni kitambaa kikubwa cha kijani. Walikuwa wameinamisha vichwa kabisa. Mimi nikatazama nje ya dirisha, nikacheka. "Kitambaa cha nini? Mungu ametandika kijani kutoka hapa mpaka Kericho! Twendeni kwenye chai ya marehemu." Walinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona hata kwa watoto wangu.

Alhamisi tukaenda. Simu kwenye miguu yake mitatu, Moraa katikati ya chai yako, sauti yako inatoka kwenye spika ndogo, yeye anachezesha midomo. Sauti yake mwenyewe alisema ataitoa baadaye, koo likipona. Kila mtu alisema ni picha nzuri. Mwalimu alisema. Wachumaji waliosimama kutazama walisema. Na hakuna hata mmoja wetu, kaka, hakuna hata mmoja, aliyeona kwamba mtoto amevaa sweta ya shule.

Sweta ya kijani. Na sketi ya kijani.

Usitucheke. Ukizaliwa huku kijani hukioni tena. Mtu wa Garissa kwenye ukame angepiga kelele mara moja.

Ijumaa jioni Bosibori akabonyeza. Chai ikafutika, kwa viraka, maana majani machanga yana kijani chao na ya chini yana chao. Lakini sweta ilifutika yote, safi kabisa, na sketi nayo. Mlangoni pako, karibu na wewe, kukabaki kichwa, ukosi wa shati jeupe, na mikono miwili, vinaelea hewani. Kikundi kizima kilicheka mpaka mmoja akaanguka na benchi. Na mimi nilicheka, sitakudanganya. Kisha tukamwona Moraa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja ajikaze atazame. "Hata laptopu imekataa," alisema, akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Bosibori alitaka kuanza upya palepale. Lakini jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima, na Mwalimu Kemunto ni Msabato kama sisi. Akaifunga laptopu. "Sabato inaingia. Haya mengine ni ya Jumapili." Na Jumatatu ndiyo shule inafungwa.

Sabato hiyo ilikuwa ndefu, kaka. Mhubiri alihubiri juu ya Yona, na mimi nilimwelewa Yona kuliko mhubiri. Moraa alikaa na kwaya wala hakufungua kinywa. Tukitoka, Mama Moraa alinishika mkono wa koti pale langoni. Unamjua, hapazi sauti. "Shemeji," akasema, "wewe ndiye uliyempeleka mtoto wangu kwenye chai. Mtoe huko."

Sikula vizuri siku hiyo. Nilikula, lakini si vizuri.

Jumapili asubuhi nilikuwa Kebirigo kabla wenye vibanda hawajafungua, kwa yule mama anayepamba mahema ya harusi. Ana vitambaa vya kila rangi, na cha kijani kilikuwa tayari kimekunjwa kwa ajili ya harusi ya watu. Nikamwambia mimi ni dairekta. Akauliza wa nini. Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye helikopta akanitupia kitambaa. "Chukua," alisema, "lakini nyamaza."

Tukakitundika ukutani kwenye ukumbi wa shule, kikafika mpaka sakafuni. Moraa hakuwepo. Tulingoja. Bosibori alikuwa anapangusa kioo cha simu kwa sketi yake, anapangusa tena. Kisha tukamwona Mama Moraa anaingia, amemshika binti yako mkono kama mtoto wa chekechea, na amemfunga kitenge chake cha rangi ya machungwa, kile ulichomnunulia Tabaka mlipokwenda kuwaona wachonga mawe. Hakuna chai ya rangi hiyo duniani.

Hapo likatokea jambo jingine. Moraa alitakiwa akutazame wewe, na wewe hukuwepo. Macho yake yalikuwa yanatangatanga ukutani. Wakaweka kigoda, akakitazama kama mtu anayetazama kigoda. Wakaweka ndoo juu yake. Ikawa mbaya zaidi. Ndipo Bosibori akanigeukia. "Anko, kaa pale. Jifunike kile kipande kilichobaki, mpaka miguu. Laptopu itakufuta."

Mimi! Kwa ukubwa wangu! Kufutwa!

Nilikaa, kaka. Walinifunika kijani kutoka kichwani. Kulikuwa na joto, na kitambaa kilinuka marashi na keki za harusi za watu. Nikapeleka magoti huku na huku kama wewe, nikainamisha kichwa kidogo upande wa nyuzi kama wewe. Hakuna aliyenifundisha. Nani anakujua kunipita? Nimekutazama ukipiga hicho chombo tangu sijaota meno ya pili.

Wakawasha sauti yako. Ubeti wa kwanza ukapita, Moraa kimya. Wa pili, kimya. Nilisikia Mwalimu akimwambia Bosibori asizime. Wimbo ukaisha, ukaanza tena. Huko chini ya kitambaa vidole vyangu vilikuwa vinatembea vyenyewe, vinakufuata, na nadhani aliviona vikicheza, maana hapo ndipo alipoanza. Alianza chini kabisa, kama mtu anayejaribu daraja la miti kwa mguu mmoja. Halafu akaweka mguu wa pili. Halafu, kaka, akavuka! Akaingia kwenye wimbo wako kwa sauti ile ile ya kuosha sufuria, akawatania wale akina mama waliolowa, akapandisha pale unapopandisha na kukaa pale unapokaa. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa naona kijani tu. Nilikuwa nawasikia nyinyi wawili.

Ulipomaliza, akaja akaweka mkono juu ya kitambaa, begani. Aliuacha hapo muda. Sikusogea. Nilijua hakuwa ananishika mimi.

Bosibori akakaa na laptopu tangu mchana huo. Akaisafisha sauti, hata ng'ombe wako aliyekuwa analia nyuma ya wimbo akamtoa, akatoka kabisa. Hapa nyumbani ndiye ameshindikana kuzimwa. Jumatatu ukumbi ulijaa. Wakamulika picha kwenye shuka jeupe, na wewe hapo mlangoni pako, umekaa, na Moraa na kitenge cha machungwa karibu na wewe, anakutazama usoni. Anakutazama, kaka! Mama Moraa alishika mdomo wake kwa mikono yote miwili, kisha akaishusha akaimba nanyi, polepole. Watu walidai irudiwe. Mwalimu mkuu alidai irudiwe. Moraa alikuwa anacheka na kulia na kuwasalimia watu, vyote pamoja, na jioni hiyo aliosha vyombo vyote kwa nyimbo mpaka jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mwishoni mwa video kuna majina. Langu wameandika "Anko Nyakundi, msaidizi." Hilo ni kosa la uchapaji, litarekebishwa.

Sasa lala, kaka. Mkoani wanataka waione pia, nami nitaenda nao, nibebe ile miguu mitatu ya simu. Nakuahidi hivi: Moraa hatanyamaza tena nikiwa hai. Akinyamaza, nitaimba mimi, na unaijua sauti yangu, kwa hivyo hatanyamaza.

Ni mimi mdogo wako,
Nyakundi, dairekta.

Lingine ni dogo, sijui kama Moraa alishakuambia huko anakokuombea. Bosibori hakukata ule mwanzo wa video niliyokurekodi, kabla ya wimbo, nilipokuwa bado natafuta pa kusimama. Mimi nilikuwa nimeusahau. Unainua uso kutoka kwenye nyuzi, unanitazama moja kwa moja, unanisalimu ya asubuhi kwa lugha yetu, "Bwakire, Nyakundi." Nilisimama, kaka. Mbele ya wazazi wote na mchungaji, nikavua kofia, nikakuitikia kwa sauti: "Bwakire, kaka." Watu wakageuka. Nikawaambia nilikuwa napima spika.

Sikuwa napima spika.