Mume Wangu Anaziba Mashine ya Baridi kwa Kunipenda

Mpendwa Ndugu Mshauri, naomba unisaidie kabla sijamvunja moyo mume ambaye wenzangu wananionea wivu kwa ajili yake. Mimi ni Somoe wa Shangani, Mtwara, nina pumu tangu utotoni, na mume wangu Ismaili ni karani wa bandarini, na mwaka jana kazini kwake walitupatia nyumba ambayo dirisha la chumbani lina mashine ya baridi iliyoachwa na waliokaa kabla yetu, akafurahi sana akasema, "Sasa vumbi la malori ya korosho litaishia nje, utapumua mke wangu," na kweli miezi ya mwanzo nililala kama mtoto mchanga, mpaka lile sponji la kuchujia hewa likaanza kumeguka kama mkate mkavu, tukatafuta jingine mjini kote tusilipate, unajua mwenyewe vipuri vilivyo adimu siku hizi.

Ismaili akakata kipande cha chandarua akakiweka pale, nikawa sijambo, ila baada ya wiki kadhaa nikaanza kukohoa, akaongeza taulo, nikakohoa tena, akaongeza blanketi, halafu mama mkwe, Bi Sharifa, akaja kututembelea kutoka Madimba amebeba sufi aliyoichambua kwa mikono yake, akaniambia, "Mwanangu, hii nimeileta kwa ajili ya kifua chako," nayo ikashonewa mfuko ikawekwa juu ya vyote. Sasa mashine inanguruma bila kutoa upepo, inaganda barafu, barafu ikiyeyuka maji yanatiririka ukutani, ukuta umeota ukungu, na madirisha mengine Ismaili ameyapigilia misumari ili vumbi lisipenye, chumba kimekuwa tanuri, nami nikiingia humo kifua kinabana, juzijuzi kilinibana mpaka nikapelekwa hospitali, na niliporudi nikamkuta anashona tabaka jingine, macho mekundu, nikamtungia uzi sindanoni.

Tangu hapo mchana akiwa kazini nalala barazani juu ya mkeka, na huko ndiko ninakopata pumzi, lakini Jumamosi alirudi mapema akanikuta, akakaa chini karibu yangu na viatu vyake miguuni, akaniuliza taratibu, "Somoe, umenichoka?" Nikamjibu kwamba nilitoka kuchambua mchele nikapitiwa na usingizi, na mchele wenyewe haukuwepo, akaitikia tu, akaenda jikoni kunichemshia chai. Nikimwambia ukweli nitamuumiza yeye na mama yake, nisipomwambia anadhani simtaki, nifanyeje?

Somoe, Shangani

MSHAURI ANAJIBU

Dada Somoe, pole kwa kifua na hongera kwa mume. Lakini huo mchele usiokuwepo umeniudhi. Ismaili anashona kwa kuwa hajui, na wewe unayejua umekaa kimya mpaka ukabebwa hospitali. Umemwacha ajitese bure.

Mashine nayo inapumua. Inavuta hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha. Chujio zito hunasa vumbi jingi, hilo ni kweli, ila mashine ndogo ya dirishani haina nguvu ya kuvuta hewa kupitia blanketi. Hewa ikikosa njia, barafu inaganda, maji yanamwagika, ukungu unaota, na kwa mtu wa pumu ukungu hauna nafuu kuliko vumbi la barabarani. Sufi ndiyo itoke kwanza, maana nyuzi zake zinapeperuka hadi puani. Mshonee Bi Sharifa mto, aulalie kila akija kwenu. Hatakosa furaha mama huyo.

Kile kipande cha chandarua kilikufaa tangu mwanzo. Ulipokohoa hakikuhitaji mwenzake, kilihitaji kufuliwa. Kirudisheni peke yake. Kama ni chakavu, tafuteni kitambaa kimoja chepesi, ambacho ukikiinua dhidi ya jua unaona mwanga. Kifueni kwa sabuni kila wiki, na msimu wa korosho msingoje wiki iishe. Kikauke kabisa kabla ya kurudi mahali pake. Ukuta usugueni, misumari ing'oeni, na alfajiri kabla malori hayajaanza kupita fungueni madirisha. Ismaili aombe sponji la saizi ya mashine hiyo huko kazini, na likichelewa msitie kitu kingine. Dawa za hospitali usiziache.

Hayo ni ya mashine, na yanaweza kungoja kesho. La leo ni hili. Akirudi kazini, mkalishe, umwambie, "Mume wangu, sijakuchoka. Chumba ndicho kinachoninyima pumzi." Atauliza kwa nini hukusema mapema. Mjibu kwamba uliona haya kuikataa kazi ya mikono yake. Atanuna kidogo, mwache anune, wala usikimbilie kubadili mazungumzo. Mtu aliyekushonea matabaka yote yale hawezi kushindwa kusikia maneno mawili matatu ya kweli kutoka kwako.