Vichwa vya risasi alivyochagua Orrin

Dada Verna, uko? Huyu mume wangu leo nitamnyonga!

Kulungu nimempoteza. Dume, pembe utadhani kabeba mti! Alisimama kanigeuzia ubavu, nikampiga risasi begani pale pale. Akayumba. Halafu akaondoka, Verna, akaondoka!

Tumefuata damu mpaka ng'ambo ya kijito, theluji ikaanguka ikafunika kila kitu. Basi.

Nikamgeukia Orrin. "Hizi risasi ulizojaza baruti mwenyewe nyumbani, umeweka vichwa gani?" Akajifanya anafunga kamba za buti. "Orrin, umeweka gani?"

"Vile vya mashindano ya shabaha."

Vya SHABAHA! Vya kutoboa karatasi! Vikigonga mfupa vinasambaratika hata moyo havijaufikia.

Eti, "Lakini mpenzi, vinalenga vizuri mno, matundu yote kwenye karatasi yalikaa pamoja." Nikamwambia karatasi haina mifupa, bwana wee!

Na unajua baba alivyotulea: mnyama ukimjeruhi ukampoteza, huyo kahesabika ndiye wako wa mwaka huo, huwindi mwingine. Nikatoa kisu, nikakikata kibali changu cha kuwinda kulungu mmoja hapo hapo. Na nyumbani tulikuwa nacho hicho kimoja tu.

Orrin akapiga kelele, "Unafanya nini? Hakuna aliyeona!"

Hakuna aliyeona! Kwani mimi nilikuwa nimefumba macho?

Sasa tumefika nyumbani. Orrin kafungua friza, tupu, ananiuliza tutakula nini baridi yote hii.

Nimeibandua ukutani ile karatasi yake ya shabaha, nikamwekea kwenye sahani, na uma pembeni.