Pikapu Usiiuze Leo

Kaka,
Dereva kama mimi hakwami popote. Ukiamka, majani ya ng'ombe yako kwenye buti, yashushe. Na pikapu usiiuze leo!

Yule dalali simwamini. Alikuapia kwamba gari lako jipya la mbio, kwa vile linasukuma magurudumu yote manne, litaweza kazi za shamba. Mbona siku ya kulijaribu aliishia kwenye lami? Leo asubuhi nimelipeleka zizini. Kufika kwenye matope, tairi zikateleza, tumbo likakaa chini, mrembo wako akagoma. Nimelivuta kwa pikapu hiyohiyo unayoiita chuma chakavu.

~~Halina hata mkwaruzo.~~ Lina mkwaruzo mdogo.

Mama amesimama nyuma yangu, anasoma barua hii, anasema: "Mwambie na bampa umelificha wapi."

Mdogo wako