Fumua, Mama

Korogwe, Jumatano

...na bado nazisikia cherehani, kama mvua ya mbali upande wa Magoma.

Leo mkufunzi wangu wa chuo cha ualimu alikuja kunipima nikifundisha ushonaji. Mwanafunzi wangu Mama Saidi, wa Kwedizinga, ni rika la mama yangu. Kila asubuhi namwamkia shikamoo kabla sijagusa chaki. Leo kashona mkono wa kulia wa shati kwenye bega la kushoto. Niliona. Ningemwambiaje mtu mzima afumue? Nikasema, "Hongera, mama."

Mkufunzi akatikisa kichwa, akaondoka. Limeniudhi hilo. Nisipofaulu, huo ualimu...

Jioni Mama Saidi akaniita, shati mkononi. Kosa alishaliona mwenyewe.

"Mwanangu, shikamoo zako nitaziitikia mpaka uchoke. Lakini darasani niambie fumua. Shati hili nani atalivaa?"

Sasa nimeegemea ukuta, naliona darasa langu mwenyewe la baadaye: madirisha makubwa, akina mama wameinamia vitambaa vya rangi ya anga, nami napita katikati yao polepole. Nimejaribu kulisema lile neno, kwa sauti ndogo: "Fumua, mama."

Limetoka kama shikamoo.