Sauti Juu ya Moshi

Muheza, 6 Februari 1977

Mwanangu Veronica,

Mwezi huu natimiza miaka thelathini na tisa tangu nitoke kwetu Heru na kundi la vijana waliokuja kukata mkonge huku Tanga. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mkonge niliuacha zamani, kama ujuavyo. Sasa natengeneza redio, na dukani kwangu jioni huimba tatu nne kwa pamoja, kila moja kwa lugha yake.

Amahoro? Mmeamkaje huko Kibondo? Wagonjwa wako hospitalini wanapata nafuu? Mumeo Leonidasi ameandika kutoka masomoni Tabora? Mimi ni mzima, ila magoti hukumbuka mvua kabla haijanyesha. Mke wangu Mwamvua anakusalimu.

Barua yako ilinikosesha raha. Unasema kinasa sauti alichoacha Leonidasi kwa mama yako, mdogo wangu Maximilla, kinaumwa: sauti inakuwa nzito, inajivuta, inalia kwa mlio mkali, kisha kimya. Na ndani yake imo kaseti moja tu yenye sauti ya mama yangu, iliyorekodiwa mwaka mmoja kabla ya kufariki. Mimi sijaisikia. Maximilla ananiambia tangu msiba kwamba humo mna maneno ya mama kwangu, na kwamba hawezi kuyabeba kwa kinywa chake wakati kinywa chenyewe kipo. Hilo nalielewa. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi nisikilize. Kwanza, msiicheze tena kaseti hiyo. Mashine mbovu hula kaseti nzuri. Kwanza okoa sauti, mashine baadaye. Ukipata nafasi ya kwenda Kasulu kwa mama yako, chukua kaseti nyingine yoyote, hata ya taarabu, uiweke humo. Ikijivuta nayo, basi ugonjwa uko kwenye mashine: betri zimechoka au mkanda wa mpira ndani umelegea. Ikiimba vizuri, ugonjwa uko kwenye kaseti ya mama, na hapo usiguse kitu, niandikie. Ule mlio mkali ni uchafu. Fungua kifuniko, utaona kipande kidogo cha chuma kinachong'aa. Hicho ndicho kichwa, ndicho kinachosoma. Kifute kwa pamba yenye spiriti, wewe muuguzi unayo. Usikikwaruze.

Nikwambie jambo ambalo hata Mwamvua nimemwambia juzi tu. Nimejiwekea ahadi. Mama akiniita katika kaseti hiyo, nitapanda treni. Sitauliza nyumba iko wapi wala shamba ni la nani. Nitakuja kukaa.

Mjomba wako,
Theonest

*

Kibondo, 19 Machi 1977

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mvua ndiyo yenye mambo. Migomba imestawi, barabara imekufa. Leonidasi ameandika, anasema Tabora kuna joto na embe.

Nilipata siku mbili nikaenda Kasulu kwa lori la chumvi. Mama hajambo. Bado hajaizoea nyumba ya kijiji kipya. Anasema ukikohoa majirani wote wanakuambia pole. Kule kilimani tulikotolewa kumebaki majani tu, na kaburi la bibi, analokwenda kulipalilia kila mwezi.

Nikamuuliza, "Mashine iko wapi?"

"Iko mahali pake."

Mjomba, akanyoosha kidole juu. Ilikuwa darini, juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu, imefungwa kwa jani la mgomba!

"Mama! Kwenye moshi?"

"Sasa niiweke wapi, wadudu waile? Kitu cha kutunza kinatunzwa juu ya moshi. Mbegu za bibi yako zimekaa hapo miaka yote, na zinaota."

Niliishusha ikiwa nyeusi kama sufuria. Nikamkumbuka Hilali mwenye duka, yule ambaye babu yake alitoka Bagamoyo. Anacho kinasa sauti kama hiki na kaseti za taarabu kibao. Nikampelekea. Akaichungulia, akasema, "Hii mashine au mkaa? Nikupimie debe?"

Tulifanya ulivyoagiza. Tukaweka taarabu, nayo ikajivuta mpaka mwanamke akaimba kwa sauti ya mwanaume mwenye mafua. Hilali akacheka hadi akakaa chini. Basi tukajua ni mashine, si kaseti. Tukabadilisha betri: nafuu kidogo. Nikafuta kichwa kwa spiriti. Pamba ikatoka masizi, nikafuta tena na tena mpaka ikatoka nyeupe. Nikafuta na kile kigurudumu cha mpira, maana nacho kilikuwa na utomvu wa moshi. Mwanamke akaimba kama mwanamke. Kwa kujaribu zaidi nilibonyeza kile kitufe chekundu pamoja na cha kuchezea, tukarekodi jogoo wa Hilali juu ya kaseti yake mbovu. Mama alikuwa pale. Alimsikia jogoo akiwika ndani ya mashine huku jogoo mwenyewe anamtazama, akasema, "Kumbe nayo inasikia!"

Najua ulituonya tusiicheze ya bibi. Lakini mama alipoona mashine imepona hakukubali kuondoka bila kumsikia. Nilisikia mwanzo tu. Mjomba, ni yeye kabisa. Anapiga vile vikofi vya taratibu vya salamu, anasema "Mwidiwe," kisha kimya kirefu. Nikadhani mashine imekufa tena. Mama akaizima upesi. "Hayo mengine ni ya mwenyewe," akasema.

Nilimwomba tukutumie kaseti kwa posta. Akanijibu, "Mama yangu hatoki nyumbani kwa posta." Hilali anasema tunaweza kunakili kutoka mashine yake kwenda ya kwetu, ila hana waya wa kuziunganisha. Unaweza kutengeneza?

Mashine nimemwachia mama. Ameahidi kuiweka kabatini.

Mwanao,
Veronica

*

Muheza, 11 Aprili 1977

Veronica mwanangu,

Amahoro tena, na asante kwa mikono yako. Huku ni wazima. Mwamvua amevuna mihogo ya kugawa mpaka kwa asiowapenda.

Nilisoma barua yako nikacheka peke yangu, nikauona na ule moshi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiota nyumba ya kilimani. Si ndoto ya kutisha. Naingia, ukungu umeingia kabla yangu na kukaa kwenye kigoda. Mbegu zinaning'inia juu, nami najua kwamba kila suke lina mtu aliyenyamaza ndani, anangoja niketi kwanza ndipo aseme. Kabla sijaketi naamka, na ni Muheza, na minazi inapiga kelele.

Waya uko ndani ya kifurushi hiki. Nimeuunganisha mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha na kuujaribu. Ncha yenye uzi mwekundu iingie kwa mashine inayosikiliza, ile nyingine kwa mashine inayosema.

Lakini kabla ya waya, kabla ya yote, fanya hivi. Tazama mgongo wa kaseti ya mama. Kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kila upande. Vivunje kwa ncha ya kisu. Vikishavunjika, kile kitufe chekundu hakitabonyezeka tena juu ya kaseti hiyo. Vikiwepo, mtu yeyote akibonyeza vitufe viwili pamoja, sauti mpya inaifuta ya zamani, na hakuna fundi duniani atakayeirudisha. Kama huwezi kwenda wewe, mtumie Hilali ujumbe leo hii avivunje.

Kimya ulichokisikia baada ya salamu nimekifikiri sana. Mashine ikifa haifi hivyo; husikika kwanza ikijivuta. Nadhani ile si kasoro. Mama alisalimu, akawa anangoja kuitikiwa. Nani alimfundisha kwamba mashine haiitikii?

Mjomba wako,
Theonest

*

Kibondo, 27 Juni 1977

Mjomba,

Shikamoo. Najua umeona kimya changu. Malagarasi ilifurika, malori yakakwama ng'ambo, na mfuko wa barua ukalala huko na kifurushi chako. Nilikipata mwishoni mwa Mei. Nilikwenda Kasulu siku iliyofuata nikiwa na kisu mfukoni.

Sijui niandikeje. Naandika kama ilivyokuwa.

Mama alinipokea kwa furaha, akanikalisha, akaniletea ugali na maharage. Nikasema, "Nipe kaseti kwanza." Akasema, "Kula. Bibi yako sasa hana shida, nimemjibu."

"Umemjibu vipi?"

"Kama ulivyomrekodi yule jogoo."

Mjomba, nikausukuma ugali pembeni. Nikaichukua mashine, nikaiwasha. Bibi akapiga vikofi, akasema "Mwidiwe." Kisha badala ya kile kimya, nikamsikia mama akiitikia, salamu nzima kwa makofi yake, na baada yake majirani, maana walikuwa wamekuja kusuka mikeka, nao wakaona si heshima kukaa kimya mbele ya mkubwa. Mzee Pasikali ameitikia humo. Hata watoto. Waliendelea mpaka upande ule ukaisha. Ya bibi yaliyofuata salamu hayapo tena.

Nililia. Nikamwambia, "Mama, umefuta maneno ya mjomba! Alikuwa anayangoja ndipo aje!"

Akasema, "Vero, wewe ulisikia salamu ukaondoka. Mimi nimekaa naye. Unajua alikuwa anasema nini? Alikuwa anauliza. 'Theo amefika?' Halafu anangoja. Halafu tena, 'Theo amefika?' Anangoja. Basi. Mpaka mwisho anauliza hivyo. Zamani mashine ilipokuwa na masizi nilimsikia kwa mbali, kama mtu aliye bondeni, nikavumilia. Ulipoisafisha akawa amekaa hapa, karibu kuliko wewe. Ananiuliza ana kwa ana. Marehemu anakuuliza, nawe una jibu, unamnyima? Nimjibu hewani asisikie? Nikakumbuka kwamba ile inasikia."

"Hakusema aje?" nikauliza.

"Hakusema njoo. Mama hakuwa mtu wa kumwambia mtu mzima njoo. Aliuliza tu."

Nikamuuliza kwa nini hakukuandikia hivyo mapema, akanijibu, "Swali la mama nimpelekee kwa karatasi? Nilitaka alisikie mwenyewe, aone kama ataweza kukaa kimya."

Kisha akaenda kuchochea moto, na moto haukuhitaji kuchochewa.

Nilivunja vijino, ijapokuwa nimechelewa. Tulinakili dukani kwa Hilali kwa waya wako. Umefanya kazi vizuri, hakuna mlio. Hilali hakutania siku hiyo. Nakala anaileta shemeji yake Khatibu, anayekuja Tanga kufuata bidhaa. Safari hii mama hakukataa. Alisema, "Hiyo iende. Hiyo ni majibu."

Nisamehe kama nimekunyima kitu.

Mwanao,
Veronica

*

Muheza, 21 Agosti 1977

Veronica mwanangu,

Amahoro kwako, kwa mama yako, kwa Leonidasi na kwa kila aliyeitikia. Hujaninyima kitu, na Maximilla mwambie hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya watu.

Khatibu alifika Jumatano. Nilifunga duka, nikazima redio zote. Sikukumbuka kwamba chumba kile kina kimya chake. Kilitoka kwenye kuta kikaketi nami. Mwamvua akaja na kiti.

Mama alipiga vikofi. Sauti yake imekuwa nyembamba kuliko niliyokuwa nayo kichwani, na haina haraka. Alisema "Mwidiwe," na mkono wangu mmoja ukaufuata mwingine, nikaitikia kabla Maximilla hajaitikia. Mwamvua alinitazama lakini hakucheka.

Kisha akaja mdogo wangu. Wewe hukuniandikia aliyoyasema, labda hukuweza, au ulidhani nimekwisha kuyajua. Baada ya salamu anasema hivi, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Bado, Mama. Hajafika. Yupo huko aliko, ana mke, ana watoto, ana kazi ya mikono. Si mgonjwa. Amezeeka kama mimi. Sasa usiulize tena, pumzika." Anasema bila uchungu, kama mtu anayemfunika mwingine shuka. Nyuma yake watu wanaitikia, mtoto anapiga chafya, mvua inaanza kugonga bati.

"Anasema nini?" Mwamvua akauliza. Nikamwambia.

Akafikiri. "Kuna uongo hapo?"

"Hakuna."

"Basi."

Nimeirudia mara nyingi, nikitafuta kama chini ya sauti ya Maximilla pamebaki chochote cha mama. Fundi hujua pa kusikiliza. Kati ya jibu la mwanamke mmoja wa jirani na la mzee Pasikali pana mwanya mdogo, kitufe kilipoachiliwa na kubonyezwa tena, na humo nilisikia pumzi ya mtu anayetaka kusema. Huenda ni yeye. Huenda ni utepe tu. Nimeamua kutousafisha zaidi ya hapo.

Miaka yote nilidhani mama yuko mahali fulani ananiita, nami ndiye nisiyesikia vizuri, na kwamba siku nikisikia miguu itajua la kufanya. Kumbe aliuliza tu, akangoja, na jibu lilikuwa moja kila mwaka, na mimi sikumpa. Maximilla amempa. Alilolisema ni kweli, na nilipolisikia kwa sauti yake sikuona pa kulirekebisha.

Kaeni na mashine. Isirudi juu ya moshi, ila mbegu ziacheni palepale. Mkipalilia kaburi, palilieni na kwa mkono wangu. Barua nitaendelea kuandika, na wanangu wakitaka kuja kuwaona nitawalipia treni.

Mimi sitarudi.

Mjomba wako,
Theonest